Naomba ushauri: dalsima ya mtumba, vigingi vinateleza

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kentucky, Marekani. Nimenunua dalsima (ala ya muziki ya nyuzi) ya milima ya Appalachia, ya mtumba, imetengenezwa kwa mkono, nyuzi tatu. Unailaza mapajani; uzi mmoja unabeba wimbo, mbili zinavuma chini yake. Sauti tamu mno!

Shida ni vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi. Nikiityuni D-A-D (noti za nyuzi zote tatu) vinateleza, nyuzi zinalegea. Nivipake chaki au niweke vya chuma? Kutoboa upya kazi ya fundi naona uchungu.

Pia ni ya mtindo wa zamani, kwenye vile vichuma vinavyokatiza chini ya nyuzi, unapobonyeza kupata noti, haina kile cha ziada kati ya cha sita na cha saba. Je, nianze kujifunza kwa tyuni ya D-A-A?