Tupeane uzoefu: una kumbukumbu gani ya Uwanja wa Ndege wa Dar?

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtoto wa Ukonga. Historia ya uwanja wetu nyingi inaandikwa kwa siku za ufunguzi: Jengo la Pili 1984, lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris, Jengo la Tatu Agosti 2019, la abiria milioni 6 kwa mwaka. Hayo yana mahali pake, hayatapotea. Yanayopotea ni yale waliyoyaona watu wa Kipawa, Karakata na Kiwalani kwa macho yao, na wazee wanaondoka nayo. Naomba tuyaandike hapa, naanza mimi.

Kwetu ndege ikikaribia kutua bati lilikuwa linatetemeka. Mama ananyamaza katikati ya neno, mwiko mkononi, ikishapita anaendelea pale pale alipoishia. Mgeni kutoka mkoani anatoka mbio uani kutazama, sisi wala hatuinui macho.

Siku isiyonitoka ni ya Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu uliporudishwa kutoka London. Barabara ya Pugu ilijaa watu pande zote mbili, nami nimeshikilia khanga ya bibi nisipotee. Ndipo nilipowaona kwa mara ya kwanza wanaume wa mtaani kwetu wakilia bila kujificha. Barabara ile sasa inaitwa Nyerere, ila kwa bibi ilibaki Pugu Road mpaka alipofariki.

Karibuni.

Mjukuu wa Kigamboni:
Mkuu, babu yangu angekwambia uanzie baharini. Tangu 1937 ndege za Imperial Airways za Southampton hadi Durban zilikuwa zinatua juu ya maji. Zikitoka Kisumu zinapita Mombasa, zinashuka hapa bandarini Dar, kisha Lindi na kuendelea kusini. Babu alikuwa kijana wa kuvusha watu kwa mtumbwi. Alisema ikigusa maji ilirusha povu refu, na mawimbi yake yalikuja kuipiga mitumbwi, kwa hiyo ukisikia mngurumo unageuza pua ya mtumbwi kuyaelekea. Hadithi hii aliirudia kila Idi, na kila mara mkono wake ulikuwa unageuza kasia hewani.

Mzee wa Twiga:
Vijana, mmenigusa. Nilipata kazi ya kupakia mizigo wakati wa East African Airways. Super VC10 ilikuwa ndege kweli kweli: injini nne, zote zimefungwa mkiani, mbili kila upande. Shirika lilikuwa moja lakini ndege zilisajiliwa nchi tatu, na sisi tulizijua kwa herufi: 5H ni yetu, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Hatukuwa tukibaguana kwa herufi hizo. Mkenya na Mganda tulikula nao sahani moja.

Mwanzoni mwa 1977 shirika likafa. Kuna wenzetu tuliozoea kupishana nao kila wiki ambao sikuwaona tena mpaka leo. Machi mwaka huo huo ikaanzishwa Air Tanzania, nikahamia huko, twiga mkiani. Siku ya kwanza kumwona yule twiga nilisimama na toroli langu nikamtazama mpaka msimamizi akaniita. Tulikuwa na uchungu na fahari kwa pamoja.

Mtoto wa Ukonga (mwanzisha mada):
Shikamoo mzee. Ukipata nafasi tafadhali tuandikie zaidi kuhusu wenzako wa Nairobi na Entebbe.

Dada wa Tabata:
Kwetu mtu mmoja akisafiri, ukoo mzima unapanda Coaster kumsindikiza. Kaka alipokwenda kusoma India mama alimfungia karanga na ubuyu, shangazi akaomba dua pale pale mlangoni. Hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya kuiona ndege ikiruka.

Msukuma wa Mbagala:
Nyumbani ni Mwanza. Kabla ya 2012 ndege niliiona ya wakubwa. Novemba mwaka huo Fastjet ikaanza, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, nikamkatia mama tiketi. Miguu yake ilikuwa inavimba kwa safari ya basi, na mara hii alishuka Dar anatembea mwenyewe. Shirika lile halipo tena hapa kwetu, lakini kwa lile nalishukuru.

Mama Nungwi:
Nauza nguo Dar na Unguja, kwa hiyo Jengo la Kwanza nalijua kama sebule yangu. Mnapimwa nyie na mizigo, mnatembea kwa miguu mpaka kwenye Cessna Caravan yenye propela moja, na mkijaa kuna abiria anakaa mbele kando ya rubani. Nilikaa hapo mara moja. Dakika kama ishirini tu, lakini niliona miamba chini ya maji na majahazi yakielekea kule kule tuendako. Mkija kupanda ndege ndogo za Unguja au Mafia, mwambieni dereva mapema Jengo la Kwanza. Wengi wanashushwa Jengo la Tatu, na kutoka pale kurudi na mabegi ni mbali.