Wazazi Drs la Pili B 📚: matokeo, njiti za kiberiti na selotepu

ALHAMISI

18:47 Baba Kelvin: Habari za jioni wazazi wenzangu. Mwenye kazi ya nyumbani ya leo naomba anirushie picha. Kelvin anasema hawakupewa, ila mwanangu namjua.

18:49 Mama Careen: Wamepewa. Kuhesabu, maswali kumi ya kutoa.

18:50 Mama Ima: Wa kwangu kaandika manne, anasema kengele ikalia.

18:50 Baba Kelvin: Hiyo kengele inawalilia wa kwetu tu 😂

18:58 Mama Nasra (Katibu): 📷 Picha
Matokeo ya jaribio la wiki hayo, nimetumiwa na mzazi wa A. B imo chini. Kila mtu aangalie wa kwake.

19:01 Mama Careen: Asante katibu. Wa 6, Mungu ni mwema 🙏🏾

19:03 Mama Ima: Jamani huyo wa mwisho kabisa ni wa nani?

19:04 Baba Salma: Katibu samahani, hiyo picha iondoe.

19:05 Mama Ima: Kwa nini? Enzi zetu yalibandikwa ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho, na hatukufa.

19:07 Baba Salma: Hatukufa, ila wapo walioacha shule. Halafu siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imezihesabu ni nyeti. Sisemi tupelekane kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Nasema majina ya darasa zima yako kwenye simu zetu sasa hivi, kesho asubuhi yatakuwa kwenye simu za makonda.

19:09 🚫 Ujumbe huu umefutwa

19:09 Mama Nasra (Katibu): Imetoka. Ila kuna watu mshaihifadhi, nawajua 😏

19:14 Mama Shabani: Huyo mliyekuwa mnauliza ni wa nani, ni wa kwangu.

19:15 Mama Ima: Dada, sikuwa na nia mbaya jamani.

19:19 Mama Shabani: Hakuna neno. Tatizo langu ni hiyo namba yenyewe, hainiambii kitu. Hajui kusoma? Hajui kujumlisha? Au siku ile alikuwa na homa? Ripoti ya muhula uliopita imeandikwa "aongeze bidii". Bidii kwenye nini? Mimi natoka kiwandani Vingunguti, nafika nyumbani saa mbili usiku, nina nusu saa na mtoto kabla hajalala. Mtu aniambie hiyo nusu saa niipeleke wapi, basi.

19:20 Baba Kelvin: "Aongeze bidii" hata mimi niliandikiwa, na mdogo wangu, na jirani. Nadhani walikuwa na muhuri.

19:22 Baba Junior: *IMETUMWA MARA NYINGI* Wazazi mliolala amkeni!! Serikali imefuta darasa la saba kuanzia sasa!! Tuma kwa wazazi wote!!

19:23 Mama Ima: Eeh? Tangu lini?

19:28 Babu Rehema: Hakuna aliyefuta kitu usiku wa leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitolewa upya, toleo la 2023, na humo elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mtaala mpya ukaanza Januari 2024. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka huohuo la saba nao wanamaliza. Wetu hawa wataishia la sita. Maana yake muda wa kusubiri mtoto "atachangamka mbele ya safari" umepungua mwaka mzima.

19:29 Baba Kelvin: Shikamoo babu. Hapo sawa.

19:30 Babu Rehema: Marahaba. La nne kuna upimaji wa kitaifa wa NECTA, Baraza la Mitihani, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Nimeshika chaki mpaka nikastaafu. Wazazi wengi nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza wiki matokeo hayo yanapotoka, wamefura.

19:34 Mwl. wa Darasa: Habari za jioni wazazi. Nilikuwa kwenye daladala, foleni ya Buguruni mnaijua.

19:34 Mama Careen: Karibu mwalimu

19:34 Baba Salma: Pole na kazi mwalimu.

19:37 Mwl. wa Darasa: Asanteni. Mama Shabani, habari za mtoto mmoja tusizijadili humu. Kesho saa nne, mapumziko, nitakupigia.

19:37 Mama Shabani: Piga mwalimu, nitaomba ruhusa kwa msimamizi.

19:39 Mwl. wa Darasa: Ile orodha ni ya ofisi ya taaluma. Inanisaidia kujua nani nimkalishe na nani. Haikutengenezwa iende nyumbani, kwa sababu nyumbani haina kazi zaidi ya kumchapia mtoto.

19:45 Mwl. wa Darasa: Sasa kuhusu kazi ya leo. Tuko kwenye kutoa kwa kukopa. Chukueni 42 − 17. Watoto wengi wananiletea 35. Si kwamba hawana akili. Anaona juu kuna 2, chini 7, saba haitoki kwenye mbili, basi anageuza, anatoa 2 kwenye 7, anapata 5 yake anaendelea na safari. Ukimwambia tu "umekosa, rudia" atakuletea 35 ileile kwa mwandiko mzuri zaidi.
Chukua njiti za kiberiti, zilizokwisha kuwashwa, msije mkachoma nyumba. Zifunge kumi kumi kwa mpira au uzi. Weka mafungu manne na njiti mbili pembeni, hiyo ndiyo 42. Mwambie kwanza atoe saba. Atakwama. Mwache akwame, usimsaidie. Akifungua fungu moja mwenyewe atakuwa na njiti kumi na mbili mkononi, anatoa saba, zinabaki tano. Mafungu yamebaki matatu, anatoa moja. 25.

19:47 Mama Nasra (Katibu): Mwalimu hii si chenji? Mteja kaja na noti ya elfu kumi anataka nyanya za mia saba. Siwezi kumpa kitu mpaka nivunje noti kwanza.

19:48 Mwl. wa Darasa: Ndiyo hiyohiyo katibu. Nasra akija gengeni mwachie arudishe chenji.

19:48 Mama Nasra (Katibu): Anifilisi 😂 Haya, wateja wa chini ya elfu mbili tu.

19:52 Baba Kelvin: Mwalimu, haya uliyoandika sasa hivi ndiyo tunayoyataka. Mimi Kelvin namuuliza "umesoma nini leo", ananijibu "vitu". Nikijua ni kukopa, nitamuuliza kukopa.

19:58 Mwl. wa Darasa: Naelewa. Lakini na mimi nisikilizeni. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yamejaa, na ni heri watoto wamekuja, ila siku haikuongezwa saa. Nina watoto mia na kitu. Kila mzazi akiniandikia usiku "wangu anaendeleaje", siwezi, na nisipojibu mwalimu anaringa. Madaftari yanakuja nyumbani kila Ijumaa. Ukurasa wa mwisho naandika neno langu kwa kalamu nyekundu, mzazi aweke sahihi. Jumatatu nikifungua, sahihi hakuna.

19:59 Mama Careen: Mimi huwa nasaini mwalimu.

20:00 Mwl. wa Darasa: Anayesaini ni Careen, mama. Mwandiko wake naujua.

20:00 Baba Kelvin: 😂😂😂😂

20:01 Baba Salma: Wa 6 huyo

20:03 Mama Careen: Huyu mtoto leo atanitambua.

20:03 Mwl. wa Darasa: Usimpige mama. Muulize nimeandika nini, atakuambia, anasoma vizuri.

20:07 Baba Salma: Mimi nashauri hivi. Mwalimu asituandikie kila mmoja. Ijumaa atume ujumbe mmoja wa darasa zima: wiki hii tumefundisha nini, mzazi utajuaje kama mtoto kakielewa, na jambo moja la kufanya nyumbani. Moja, sio kumi. Mwenye shida ya mtoto wake aende shule au amtafute mwalimu mchana. Usiku mwalimu apumzike.

20:08 Mwl. wa Darasa: Hilo naliweza. Naweza kurekodi sauti ya dakika mbili nikiwa ofisini.

20:09 Mama Ima: Mwalimu andika tu jamani. Sauti inakula bando, na mimi kazini siwezi kufungulia.

20:12 Mama Mdogo Rajabu: Mimi naandika kwa niaba ya bibi yake Rajabu, ndiye anayekaa naye, yuko hapa pembeni. Simu yake kitochi na kusoma hajui. Anauliza Rajabu akimletea kitabu yeye afanyeje.

20:18 Mwl. wa Darasa: Mpe bibi shikamoo yangu. Mwambie Rajabu amsomee kwa sauti, kidole kikiwa chini ya neno. Akikwama bibi anyamaze kidogo, amwachie aunge silabi mwenyewe. Akimaliza, bibi aulize: nani wamo kwenye hadithi, imetokea nini, kwa nini. Mtoto anayetamka bila kuelewa hawezi kusimulia. Bibi atambaini hapohapo, kunipita mimi mwenye darasa zima.
Na ninyi mnaojua kusoma, nawaomba msiwakaririshe em, en, es. Darasani tunafundisha sauti ya herufi: mmm, halafu aaa, inakuwa ma. Aliyekariri em haoni hiyo ma imetokea wapi, nikija mimi naanza upya.

20:20 Mama Mdogo Rajabu: Bibi anasema marahaba mwanangu. Anasema kwa kusimulia Rajabu hajambo, hata yasiyotokea anayasimulia 😂

20:23 Mama Nasra (Katibu): Basi tuseme mwalimu anaandika. Wasio na simu kubwa, mimi nanakili kwenye karatasi nabandika gengeni. Njia ya shule inapita pale, nyanya kila mtu ananunua. Asiyejua kusoma nitamsomea, bei yangu ni anunue kitunguu.

20:24 Babu Rehema: Jambo hilo lipelekwe kwenye kikao cha UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, na madarasa mengine waige.

20:25 Mama Careen: Babu, vitabu vyenyewe tutavipata wapi? Darasani wanashea.

20:26 Babu Rehema: Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vimo, kusoma ni bure.

20:27 Baba Kelvin: Bure, ila bando sio bure babu.

20:27 Babu Rehema: Bando la mpira mbona unalo.

20:31 Baba Junior: MCHELE WA KYELA UPO, kilo kumi na kuendelea naleta mpaka mlangoni, Tabata yote na Segerea

20:31 Mama Nasra (Katibu): Baba Junior, matangazo humu hapana. Halafu na ile ya darasa la saba ifute.

IJUMAA

13:42 Mwl. wa Darasa: Wazazi, habari za mchana. Ujumbe wa wiki.
Kuhesabu: kutoa kwa kukopa, namba zisizozidi 99. Kujua kama kaelewa, mpe 61 − 28. Akisema 47 bado anageuza namba, rudini kwenye njiti. Akisema 33 msimpigie makofi kwanza, muulizeni kaipataje. Nyumbani hesabu mbili kwa siku zinatosha. Ishirini zinamchosha, anaanza kubahatisha.
Kusoma: hadithi fupi iko kwenye daftari, nimewaandikisha wenyewe. Aisome, asimulie.
Sahihi ya mzazi, tafadhali. MZAZI.

13:44 Mama Careen: Ujumbe umefika mwalimu 🙈

18:20 Baba Kelvin: 47 hapa 🙋🏾‍♂️ Natafuta kiberiti.

18:26 Mama Ima: Ima kasema 33. Nikamuuliza kaipataje, kasema kaangalia kwa Salma.

18:27 Baba Salma: Salma yuko hapa anakataa.

18:55 Baba Kelvin: Njiti zimefanya kazi. Kafungua fungu mwenyewe, kanitazama, kaandika 33. Sasa anataka nimpe za mamia, nimemwambia kiberiti kimoja hakitoshi.

20:14 Mama Shabani: Jioni njema. Mwalimu alipiga kweli saa nne. Mengine ni yangu na yeye, ila hili nalisema mwenyewe kwa hiari yangu kwa sababu mlishaiona ile namba. Maswali huandikwa ubaoni, watoto wananakili kwenye daftari. Shabani kunakili anachelewa. Jaribio lile alifikia la nne muda ukaisha, na yote manne kapata. Si kwamba anajua kidogo kuliko wenzake, mkono ndio mzito. Mwalimu kasema kuanzia sasa aandike namba ya swali na jibu tu, na mimi nyumbani nimpe mistari miwili ya kunakili kila usiku, nimpime kwa saa. Jana niliuliza nusu saa yangu niipeleke wapi, nimeshajibiwa.

20:16 Mama Ima: Dada, Ima naye si aliandika manne tu jana? Nikadhani uvivu.

20:17 Mama Shabani: Muulize mwalimu. Mchana lakini 😄

20:21 Mama Nasra (Katibu): Karatasi ya wiki iko tayari, nimeandika herufi kubwa. Nani ana selotepu? Ya kwangu Nasra kaimalizia kwenye daftari.