Programu niliitoa bure, sasa nashindwa kulipisha matengenezo. Wenzangu mnafanyaje?

FundiMwaloni

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupita njia hii.

Mimi ni fundi kompyuta Kirumba, Mwanza. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha dagaa. Kwa miaka miwili nimeandika programu ya mawakala wa dagaa: inatunza hesabu za mafuta na nyavu walizowakopesha wenye mitumbwi, ndoo zilizopokelewa alfajiri, na deni lililobaki. Nimeiandika kwa lugha ya Python, data zinakaa kwenye SQLite, programu ya kuhifadhia data, na nimeitoa kwa GPL toleo la 3, leseni ya programu huria. Anayetaka anaichukua, anaibadilisha, anampa na mwenzake. Hilo sitaki kuligusa.

Wanaoitumia ni 11: sita hapa, wawili Igombe, watatu Nansio, kisiwani Ukerewe. Simu zinaanza saa kumi alfajiri, mitumbwi inapoingia. "Fundi, imegoma!" Mara nyingi ni umeme umekatika. Mwezi uliopita nilipanda meli kwenda Nansio, zaidi ya saa tatu majini, nikakuta waya wa printa umechomoka. Nauli yangu, malazi yangu, kibanda kimefungwa siku mbili. Nilipotaja shilingi 20,000, mama mmoja akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Si ulisema ni ya bure?"

Na kweli nilisema. Nililitamka neno hilo mwenyewe, mbele ya watu.

Je, nikilipisha matengenezo navunja leseni? Na nitawaanzaje watu walioshazoea? Kazi hii naipenda, ila kibanda kina kodi na mtoto ameanza shule.

Mdau wa Buzuruga

Mkuu, unajitesa. Weka nywila ya kila mwezi, asiyelipa inajifunga. Mfumo wangu wa maduka ya dawa nimeufanya hivyo na watu wanalipa bila kelele.

FundiMwaloni

Nakuelewa kaka, ila kwangu haliwezekani. Madirisha na vitufe vyote nimetumia PyQt, zana ya kutengenezea sura ya programu, na wenyewe wanaitoa kwa GPL au kwa leseni ya kulipia. Ya kulipia sijanunua, kwa hiyo ninayempa programu ana haki ya kupata na msimbo wake, yaani maandishi niliyoiandikia, na akishaupata atalitoa kufuli lolote. Halafu mle ndani kuna madeni ya wavuvi. Nikiugua miezi miwili, wakala afungiwe daftari lake mwenyewe? Hapana.

DadaMaktaba

Mwangaluka mdogo wangu. Niko Nyegezi, mwaka wa tisa huu nahudumia maktaba zinazotumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba.

Leseni haikukatazi. Soma kifungu cha 4 cha hiyo GPL yako: unaruhusiwa kutoza bei yoyote kwa nakala, au usitoze kabisa, na unaruhusiwa kuuza huduma na dhamana. Richard Stallman aliyeanzisha mambo haya aliuza tepu za Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150 mwaka 1985. Mwaka 1989 ikaanzishwa Cygnus huko Marekani, kampuni iliyoishi kwa kuuza huduma ya programu huria. Na hiyo SQLite unayoitegemea haina hata leseni, ni mali ya umma, na walioiandika wanakula kwa mikataba ya msaada. Kwa hiyo usione haya.

Sasa nikuambie nilipokosea mimi. Nilianza kwa kulipisha kila tatizo, shilingi 10,000 kwa safari. Wateja wakawa wanaogopa kupiga simu, wanavumilia mpaka data zinaharibika. Na mimi moyo wangu ukaanza kupinda: kulikuwa na fomu moja iliyokuwa inawachanganya wakutubi kila wiki, nikaiacha hivyo hivyo karibu mwaka mzima, kwa kuwa kila ikiwachanganya napata elfu kumi. Siku nilipogundua ninachofanya nilibadilisha utaratibu. Sasa wanalipa kiasi kimoja kila muhula, tatizo liwepo lisiwepo. Programu ikitulia, nafaidika mimi na wao.

Kwako muhula haufai, hata mwisho wa mwezi haufai. Watu wako wanaishi kwa giza na mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mifuko imekauka. Ukienda kudai wakati huo utafukuzwa, na wana haki. Dai giza linapoisha, hela ikiwa mkononi. Mbalamwezi ndiyo iwe zamu yako ya matengenezo: panda meli mara moja, wahudumie wote watatu wa Nansio, nauli wagawane. Wakati huo hata mashine zao hazina kazi.

Andika karatasi moja, kwa Kiswahili cha mwaloni. Saa ngapi unapokea simu. Kila ziara unarudisha bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, mbele ya macho yao mpaka waone madeni yao yametokea. Printa na virusi ni bei nyingine. Anza na shilingi 15,000 kwa kila giza. Wakikubali wote ni 165,000. Haikutoshi kulea familia, kibanda usikifunge. Ila tenga siku mbili za kila mbalamwezi za kuandika msimbo tu, na uwaambie kwamba hela yao inanunua na siku hizo. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, tunakuwa mafundi wa kuzima moto na programu inazeeka.

Anayetaka kitu kipya alipie kuandikwa kwake. Koha yenyewe ilizaliwa hivyo: maktaba za Horowhenua, New Zealand, ziliilipa kampuni ya Katipo iiandike, ikaanza kazi Januari 2000, wakaiachia dunia. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi.

Mwisho, tafuta kijana wa Nansio umfundishe, hela ya huko ale yeye.

Wakala Nansio

Mwanangu, huyo mama ni mimi. Sikukusudia kukudhulumu. Nilidhani bure ni pamoja na wewe.

Daftari langu la karatasi liliwahi kulowa, madeni ya mitumbwi minne yakapotea, kila mtu akajitajia lake. Kwa hiyo hiyo 15,000 nitatoa, giza likiisha. Ila nataka risiti. Na nataka karatasi ya kumpa mwenye mtumbwi, iwe na jina lake na deni lake tu, asione ya wenzake. Halafu maandishi ya kwenye kioo ni madogo mno, macho yangu yanauma.

FundiMwaloni

Shikamoo mama. Shikamoo na dada wa Nyegezi, wabeja sana.

Mama, maandishi nitayakuza kabla sijaja, hiyo ni kasoro yangu na hailipiwi. Karatasi ya mwenye mtumbwi ni kazi mpya ya siku tatu hivi, nitakuja na bei yake. Ila ujue ukishailipia, na wale wa Igombe wataipata bila kulipa. Kama una kinyongo na hilo, niambie mapema.

Wakala Nansio

Marahaba. Sina kinyongo, wa Igombe ni ndugu zetu. Njoo mbalamwezi hii. Na waya wa printa uje nao wa akiba, nitaulipia.