Naomba ushauri: vipande au mayai kwa tumbawe Acropora palmata?

Habari wakuu. Naandaa andiko la utafiti kuhusu kurejesha Acropora palmata, tumbawe la Karibi lenye matawi mapana kama pembe za kulungu. Zamani ndilo lililojenga sehemu kubwa ya miamba ya maji mafupi huko. Ugonjwa wa mkanda mweupe ulilifyeka kuanzia miaka ya 1970 na 1980, kisha joto la bahari la mwaka 2023 likaua karibu yote yaliyobaki kwenye visiwa vya Florida Keys, Marekani. Inaniuma sana.

Nilipokwama ni hapa. Kukata vipande na kuvikuza kwenye vitalu ni rahisi na matokeo huonekana haraka, ila vyote vinakuwa nakala za mzazi mmoja. Joto likimshinda mmoja, huenda likawashinda wote. Tena mayai na mbegu za kiume za nakala za mzazi mmoja kwa kawaida havirutubishani, hata nakala hizo zikipandwa maelfu. Njia ya pili ni kukusanya mayai usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu, hasa Agosti, na kulea viluwiluwi maabara. Wengi hufa wakiwa wachanga.

Mwaka 2025 watafiti walipandikiza karibu na Miami miche ya tumbawe hili yenye mzazi mmoja wa Florida na mwingine wa Honduras. Mimi naelemea huko.

Waliowahi kulea matumbawe yoyote, je, mnawalindaje wachanga dhidi ya mwani? Na kuchanganya wazazi wa mbali kuna hatari gani nisiyoiona?