Naombeni ushauri: niuze shamba la minazi ninunue bajaji?

Mkazi wa Pongwe: Asalaam alaykum ndugu zangu. Nimepoteza mkono wa kushoto, kazi nimeachishwa, na nina watoto watatu wanaosoma. Ninayo ekari moja ya minazi huko Mkinga, niliyoirithi kwa marehemu baba. Je, niiuze ninunue bajaji, nimkabidhi kijana awe ananiletea hesabu kila jioni?

Bi Chumbageni: Pole mwanangu. Mume wangu alipopooza tuliuza cherehani, kisha mbuzi, kisha kiwanja, na maradhi hayakutosheka. Usiuze. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wenye ulemavu, tena haina riba.

Fundi Gereji: Hesabu utaletewa wiki mbili, ya tatu utaambiwa bajaji imeua injini.

Mzee wa Ngamiani: Mkono umeupoteza vipi? Mbona hapo umeruka?

Mkazi wa Pongwe: Ulikatwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, nikiilisha majani. Mwajiri alilipa hospitali, akanipa milioni moja, nami nikatia dole gumba kwenye karatasi kwamba sitadai tena. Alinitendea wema, sitaki kumshitaki.

Mzee wa Ngamiani: Hakuna anayekutuma kumshitaki. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, si mwajiri wako, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Karatasi hiyo isikutishe, nenda nayo. Ila taarifa hutakiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ilikuwa lini?

Mpita Njia: Wazee mnachezewa. Mtu wa kutia dole gumba ataandikaje Kiswahili kilichonyooka hivi?

Mkazi wa Pongwe: Mimi nilikuwa mtu wa mashoto, na mkono niliouandikia ndio uliokwenda. Haya ninayasema, binti yangu wa kidato cha tatu ndiye anayeandika. Ajali ina miezi 11 na siku kadhaa. Lakini mnunuzi wa minazi amekwisha kunipa arubuni ya laki tatu, nimelipia madeni ya dukani, na nimemwahidi kuandikiana Ijumaa.

Bi Chumbageni: Kumbe ulikuja kuomba baraka, si ushauri! Mrudishie kidogo kidogo. Kesho alfajiri panda gari uende ofisi ya Mfuko.

Mkazi wa Pongwe: Ijumaa ni keshokutwa, mama.

Fundi Gereji: Ukiamua bajaji, mimi ninaye kijana mwaminifu.