Kigoma: Kijana kauliza swali kanisani kaburutwa nje, na wachungaji mji mzima kimya!

Wakuu, habari za muda huu. Niko Kigoma mjini, pande za Mwanga, na nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Jina la kanisa sitaji, la huyo "mtume" sitaji. Wa huku mtamjua kwa mabango yake, na wa mbali jina lake haliwaongezei kitu.

Iko hivi. Jumapili wakati wa shuhuda, kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya aliomba kipaza sauti. Pale kila wiki watu wanashuhudia viwanja na magari. Yeye akasema hana ushuhuda, ana swali: wale mama zetu wa Kibirizi walioambiwa wapande mbegu kipindi ziwa limefungwa, mavuno yao yako wapi? Na mafuta ya upako yanauzwaje sh 10,000 wakati Yesu alisema mmepata bure, toeni bure? Hakumtukana mtu, hata sauti hakupandisha. Kabla hajamaliza, kipaza sauti kikazimwa. Mtume alicheka kwanza, kisha akatangaza kwamba roho ya Kora, yule aliyemwasi Musa, imeingia madhabahuni. Wale vijana wake wa suti nyeusi wakamkwida kola mpaka getini, watu wanapiga makofi. Kinanda ni mali yake, alinunua kwa hela yake ya kubeba mizigo bandarini, na mpaka naandika hapa wamegoma kumrudishia.

Kwa msio wa huku niwaeleze hilo la mbegu. Mwaka 2024 serikali ilifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi miezi hiyo anakula akiba, na ile anayobakiza ndiyo mtaji wa kuanzia ziwa likifunguliwa. Huyu bwana akaja na "sadaka ya kufungua ziwa": toa mtaji wako wote, siku ya kufunguliwa dagaa watakufuata wenyewe. Mama yangu mdogo alitoa 250,000. Ziwa likafunguliwa kwa wote, waliopanda na wasiopanda, ila yeye hana hata hela ya ndoo moja ya dagaa wabichi. Akaingia mikopo ya kausha damu, akanyang'anywa mpaka godoro. Alipoenda kumwona mtume aliambiwa imani yake ilikuwa na ufa.

Hayo mafuta nayo nimeyashika kwa mkono wangu. Ni kichupa chenye karatasi ya sura ya mtume, imebandikwa juu ya lebo nyingine. Ukiikwangua kona kwa ukucha, chini unakutana na ua la alizeti. Watu wa Kigoma, watu wa mawese, unatuletea mafuta ya dukani unatuambia yameshuka! Jirani yetu mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mzee mstaarabu sana, aliniuliza kwa upole kabisa kama siku hizi kanisa letu lina leseni ya biashara. Nilikosa jibu.

Lakini sikuja kumlalamikia mtume. Matapeli wapo tangu enzi, Gehazi alimkimbilia Naamani akachukue malipo ya muujiza ambao bwana wake Elisha aliufanya bure. Hasira yangu ni kwenu nyie wengine, wachungaji na wazee wa makanisa ya mji huu, mnaojua. MNAJUA! Wiki ile ile wazee wawili wenye heshima zao, tena wa makanisa mengine, walimfuata kijana nyumbani kwao. Nilikuwepo. Wakanywa chai, wakamwambia: "Mwanetu, hata sisi tunayaona. Ila mtumishi wa Mungu haguswi. Nenda kamwangukie, sema ulipitiwa, yaishe."

Sasa fungueni 1 Wafalme 22. Ahabu anataka kwenda kupigania Ramoth-Gileadi, ana manabii kama 400, wote wanamwambia panda, utashinda. Anatumwa mtu kumwita Mikaya, na njiani yule mjumbe anampa ushauri wa kirafiki: wenzako wote wamemtabiria mfalme mema kwa kinywa kimoja, na wewe sema mema kama wao. Si ndiyo chai ile ile mliyokunywa pale? Mikaya akajibu kwamba atasema lile Bwana atakalomwambia. Zedekia, aliyejitengenezea pembe za chuma kunogesha unabii wake (kumbe maigizo ya madhabahuni hayakuanza jana), akamzaba kofi, na Mikaya akapelekwa gerezani kulishwa chakula cha shida. Ahabu alienda vitani kajibadilisha mavazi, mshale ukampata vilevile.

Na hilo la "msiwaguse masihi wangu" mnalowatisha nalo watu, someni Zaburi 105 kuanzia mstari wa 12. Inawazungumzia kina Ibrahimu walipokuwa wachache, wageni, wanahama taifa hadi taifa, na waliokemewa wasiwaguse ni wafalme. Ni mstari wa kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Kwa hesabu hiyo, pale kanisani aliyeguswa ni nani, mwenye walinzi au aliyekwidwa kola? Daudi alikuwa masihi kweli kweli, kapakwa mafuta na Samweli, na bado nabii Nathani alimwambia usoni "wewe ndiwe mtu huyo". Daudi hakuita mabaunsa.

Mtasema serikali ipo. Ipo, na Msajili wa Jumuiya, anayesajili makanisa, yupo Wizara ya Mambo ya Ndani, na malalamiko ya hela za kina mama yataandikwa yapelekwe panapohusika. Lakini mnataka afisa wa serikali ndiye aje kutufasiria Zaburi? Kusema hili ni fundisho la uongo ni kazi yenu, mlisomea, mnalishwa kwa ajili hiyo. Februari 1, 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta. Baada ya misiba ndipo matamko yakamiminika. Na huku tunasubiri majeneza ndiyo mpate sauti?

Ninachotaka ni kidogo. Mchungaji mmoja tu, Jumapili moja, asimame kwenye madhabahu yake mwenyewe aseme: mafuta hayauzwi, na kijana yule hana pepo. Basi. Asimtaje mtu kama anaogopa. Na mmoja wenu mwenye gari aende akamchukulie kinanda chake.

Maana kijana hajaomba radhi na haombi. Wamemtoa kwenye kundi la kwaya, mchumba wake kakatazwa na wazazi kuonekana naye, na juzi nimemkuta Kibirizi anawasomea kina mama Ezekieli 34, wachungaji wanaojilisha wenyewe, huku wanageuza dagaa. Mama mdogo alikuwepo.

Najua mko njiani kuja kuniandikia "msihukumu". Karibuni. Ila hiyo ni Mathayo 7 mstari wa 1. Kabla hujabonyeza kutuma, endelea kusoma sura hiyo hiyo mpaka mstari wa 15, Yesu anakosema jihadharini na manabii wa uongo, halafu uje uniambie nimjue vipi wa kujihadhari naye bila kumpima.