Dizeli kutoka mafuta meusi ya chipsi: tutumie kostiki, vimeng'enya, au tuache kabisa?

Wakuu, kamwene, na shikamooni mliotutangulia.

Juzi kikundi chetu hapa Mbeya kiligawanyika. Wenzetu wanataka tununue mashine ya kukamua alizeti, mafuta yake yawe dizeli ya pawatila na pampu za kumwagilia. Wengine wanasema ni kosa kuchoma mafuta ya kula katika nchi ambayo kwa miaka mingi imeagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake. Hapo niko nao. Ila wanapomalizia kwamba basi tuachane na dizeli ya mimea, nakataa, maana kuna mafuta ambayo hayakupaswa kuliwa na mtu na tunayala kila siku.

Nendeni Mwanjelwa usiku, mwuza chipsi anapofunga banda. Mafuta yaliyobaki kwenye karai ni meusi, mazito, yanatoa povu hata moto ukiwa mdogo, na harufu yake inakaba koo. Hayamwagwi. Yanaingia kwenye dumu la lita tano, yanauzwa bei ya chini, na alfajiri yanakaangia mihogo ya watoto wanaokwenda shule. Hayo ndiyo ninayotaka yaende kwenye injini.

Mwaka jana tulijaribu kwa njia ya kawaida. Unachanganya methanoli, aina ya alkoholi isiyonyweka, na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, unamimina kwenye mafuta yaliyopashwa hadi karibu nyuzi 60, unakoroga. Kila chembe ya mafuta ina mikia mitatu iliyoshikwa na gliserini. Methanoli inaibandua mmoja mmoja, na mikia hiyo ikiungana na methanoli ndiyo dizeli yenyewe. Gliserini inatuama chini. Kwa alizeti mbichi ilikubali. Kwa mafuta ya Mwanjelwa tulikuta ndoo nzima imekuwa uji mzito wa kahawia, hakuna cha juu wala cha chini. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi huru, na asidi hiyo ikikutana na kostiki inakuwa sabuni. Ikizidi asilimia moja hivi, shida imeanza.

Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kiitwacho lipasi hakina tatizo hilo. Kinageuza mafuta na hizo asidi huru kwa pamoja, kwenye nyuzi 35 hadi 45, hakitengenezi sabuni, na gliserini inatoka safi zaidi. Si miujiza: lipasi ndiyo inayosaga mafuta tumboni mwako sasa hivi. Kuna kampuni ya Denmark, Novozymes (sasa inaitwa Novonesis), iliyotoa sokoni lipasi ya maji kwa kazi hii mwaka 2014. Hoja yangu basi: alizeti tuiache jikoni, dizeli tuitoe kwenye mafuta yasiyolika, kwa vimeng'enya. Nipingeni.

Mchangiaji wa Songwe:
Mkuu, mimi nasita. Tulishaimbiwa mibono, kwamba mbegu zake zitatupa dizeli. Kule Kisarawe vijiji vilitoa zaidi ya hekta 8,000, mwaka 2011 kampuni ikaanguka, ardhi haikurudi kirahisi. Leo unasema mafuta machafu tu. Mafuta machafu ya Mbeya nzima yakiisha, si mtarudi kwenye alizeti yangu?

Mwalimu wa kemia, Iringa:
Mleta mada, kemia yako iko sawa lakini umeruka mahali panapouma. Kostiki inamaliza kazi kwa saa moja au mbili. Lipasi inaweza kuhitaji siku nzima. Bei yake haikaribiani kabisa na ya kostiki, kwa hiyo lazima uitumie tena na tena. Na methanoli hiyo hiyo unayoitegemea inaiua. Ukimimina yote kwa mkupuo, kimeng'enya kinazimika. Wajapani walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba ukiigawa mara tatu, ukasubiri kila awamu iishe, kinadumu. Nani kwenye kikundi chenu atakaa usiku kucha akipima? Halafu methanoli ni sumu ya kupofusha. Naomba msiiweke kwenye chupa ya soda hata siku moja.

Wa Kyela:
Ndaga fijo kwa mada. Mnasahau mawese. Huku matunda ya mchikichi yakichubuka na kulala siku mbili tatu kabla ya kuchemshwa, mafuta yake yanakuwa makali, na wanunuzi wanakataa. Nayo yanafaa?

Mleta mada:
Wa Kyela, yanafaa sana, na sababu yake inapendeza. Ndani ya tunda la mchikichi kuna lipasi yake yenyewe. Likichubuka, inakutana na mafuta na kuanza kuyavunja. Pumba za mpunga za Mbarali ni vivyo hivyo: ukishakoboa, ndani ya siku chache zinanuka. Kwa kostiki mafuta hayo ni hasara. Tahadhari moja tu: dizeli ya mawese inaganda upesi. Unajua mwenyewe, mawese ya Kyela ni maji, ukiyafikisha Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba unayachota kwa kijiko kama samli. Dizeli yake inaanza kuganda joto likishuka hadi nyuzi 13 hivi, au hata kabla ya kufika hapo. Itumike huko huko ziwani. Ya kwenda Makete kwenye baridi itokane na alizeti iliyokwisha kukaangia.

Mwalimu, nimekusikia, na kwenye muda sina ubishi. Lakini methanoli huchemka karibu nyuzi 65 usawa wa bahari. Huku kwetu, mita 1,700 juu, inachemka mapema zaidi. Kuipasha hadi 60 ndani ya banda la mabati ni kucheza na moto. Nyuzi 40 za lipasi zinanipa usingizi. Tena lipasi nyingi zinavumilia ethanoli kuliko methanoli, na ethanoli inatoka kwenye molasi za miwa. Hilo naomba tulifikirie kwa uzito.

Wa Songwe, hofu yako ni ya haki na sina la kuifuta kwa maneno. Ninachopendekeza ni sharti liandikwe kwenye katiba ya kikundi: hakuna mbegu inayonunuliwa, hakuna shamba linalolimwa kwa ajili ya dizeli. Mafuta machafu yakiisha, mtambo unasimama.

Fundi, Mafinga:
Naongeza moja. Dizeli hii inasafisha tangi. Lori la magogo la zamani lina uchafu wa miaka, wiki za kwanza wote unahamia kwenye filta, na dereva anasema mafuta mabaya. Badilisha filta mapema, kagua na mipira ya zamani, inalainika. Anzeni na jenereta, msianze na gari la mtu.

Mleta mada:
Asante fundi, tutaanza na jenereta. Mwenye parachichi zilizooza Rungwe akamue lita moja, wa Kyela alete lita ya mawese makali, mimi nitaleta ya Mwanjelwa. Mwalimu, ukikubali kutupimia asidi ya zote tatu, mafuta tutakuletea Iringa sisi wenyewe.